Theluji Haifuati Baridi

Kila mwaka ifikapo Julai, Nairobi huingia katika miezi yake ya mawingu. Huko Buruburu watoto huenda shule wakiwa na sweta nzito juu ya sare, na jua linaweza kumaliza siku kadhaa bila kuonekana juu ya paa za vigae. Wakati huohuo ni kiangazi Ulaya na Amerika Kaskazini, na huko kuna watelezaji wa skii ambao hawakubali kwamba msimu umekwisha. Hawana haja na vituo vya starehe vyenye viti vya umeme vya kupandisha wageni. Hupanda milima kwa miguu, skii mgongoni, wakitafuta viraka vya theluji vilivyosalia tangu majira ya baridi. Wana kanuni zao, na zimethibitika kwa miaka mingi: panda juu kadiri uwezavyo, chagua mteremko unaotazama kaskazini, ingia katika makorongo ambako upepo ulirundika theluji na jua halifiki. Kanuni hizo zote zimesimama juu ya wazo moja, kwamba theluji ni akiba iliyowekwa na majira ya baridi, na joto la kiangazi huila kidogokidogo. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba wazo hilo halina kazi kwenye ikweta. Anayelibeba hadi Mlima Kenya ataitafuta theluji katika mwezi usio wake na upande usio wake wa mlima. Kubwa zaidi, hataelewa kwa nini barafu ya mlima huo inakwisha.

Tuanze na hesabu ndogo. Buruburu iko takriban mita 1,650 juu ya usawa wa bahari. Batian, kilele kirefu cha Mlima Kenya, kina mita 5,199, na kiko umbali wa kilomita 135 hivi kuelekea kaskazini, kidogo upande wa mashariki. Asubuhi ambayo mvua ya usiku imesafisha hewa, anayesimama kwenye ghorofa ya juu na kutazama juu ya Kariobangi na Kasarani anaweza kuuona mlima. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila kilomita moja ya kupanda. Wastani wa Nairobi kwa mwaka ni nyuzi 19 hivi, kwa hiyo wastani wa Batian unapaswa kuwa karibu nyuzi 4 chini ya sifuri. Baridi ya kutosha ipo, basi. Lakini tazama jambo la pili, ambalo ndilo lenye uzito: katika ukanda huu tofauti kati ya mwezi wenye joto zaidi na mwezi wenye baridi zaidi ni nyuzi chache tu, na inazidiwa mbali na tofauti kati ya mchana na usiku wa siku moja. Kileleni baridi ipo Januari, ipo Aprili, ipo Julai. Kitu kisichobadilika hakiwezi kuwa sababu ya kitu kinachobadilika, na theluji ya Mlima Kenya hubadilika sana: kuna wiki mlima mzima umevaa nyeupe hadi kwenye vichwa vya mabonde, na kuna wiki miamba iko wazi.

Kinachobadilika ni mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, mvua zilezile zinazofurisha mitaro ya Eastlands, huanguka kama theluji zikifika juu ya mita 4,500 au zaidi. Ndiyo maana theluji nyingi huonekana mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, kisha tena Novemba na Desemba. Julai na Agosti, wakati Nairobi inatetemeka, mlimani mara nyingi ni majira ya ukavu, kwa kuwa wingu linaloufunika mji ni blanketi la chini. Anayelivuka kwa kupanda hukuta anga la buluu na jua kali. Kwa hiyo mwezi ambao mtu wa Buruburu anaona baridi kuliko yote si mwezi wa theluji. Theluji nyingi hushuka katika miezi ambayo sisi tunalalamikia matope.

Baada ya mvua, kinachobadilika ni upande wa jua. Ikweta inapita katika mlima huu kwenye miteremko yake ya kaskazini, hivyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba. Wapanda milima wameishi na ukweli huu kwa vizazi kadhaa. Miamba ya kaskazini hupandwa kati ya Juni na Oktoba, ikiwa imekauka. Ya kusini hupandwa kati ya Desemba na Machi. Na wanaotafuta barafu hugeuza kalenda hiyo, wakienda upande ambao jua limeuacha. Mfano mashuhuri ni korongo la Diamond, utepe wa barafu uliokuwa ukining'inia kati ya Batian na kilele jirani cha Nelion kwenye uso wa kusini-magharibi. Oktoba 1973 Phil Snyder, aliyekuwa mlinzi mkuu wa hifadhi, na Thumbi Mathenge walilipanda kwa mara ya kwanza, na kwa miaka mingi likahesabiwa miongoni mwa njia bora za barafu duniani. Siku hizi barafu yake haijiungi kama zamani. Kwa maneno mengine, mlima mmoja unaweza kuwa na kiangazi ubavu mmoja na majira ya baridi ubavu wa pili katika wiki ileile. Mtelezaji wa Ulaya aliyezoea kwamba kaskazini ndiko kwenye kivuli, akifika hapa mwezi wa Julai, ataenda moja kwa moja kwenye jua.

Kwa nini mvua na kivuli viwe na nguvu kuliko vipimo vya joto? Jibu liko katika namna barafu ya tropiki inavyokula na inavyoliwa. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga. Barafu ya zamani, iliyochafuka kwa vumbi, hurudisha chini ya nusu, na kilichobaki hukimeza. Theluji inayoanguka mara kwa mara basi haiongezi tu unene. Huikinga barafu iliyo chini yake dhidi ya jua la ikweta, ambalo kwenye hewa nyepesi ya mita 4,800 lina ukali wa kuunguza ngozi kwa saa chache. Mvua zikichelewa wiki 3, kinga imeondoka, na jua lilelile linalorudishwa Mei linafanya uharibifu Septemba, hata kama kipimajoto hakijapanda. Tena, hewa ikiwa kavu, barafu inaweza kugeuka mvuke bila kupitia maji, njia inayohitaji nishati zaidi ya mara 8 kuliko kuyeyuka. Hewa ikipata unyevu, nishati hiyo huelekezwa kwenye kuyeyusha, na barafu hupungua haraka zaidi. Mawingu, vumbi, unyevu, tarehe ya mvua ya kwanza: hivyo ndivyo vinavyopanga maisha ya theluji huku kwetu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko kwa jirani. Juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, wastani wa joto kwa mwaka ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Kwa mantiki ya friji, barafu hapo isingeguswa. Hata hivyo eneo lake lilishuka kutoka takriban kilomita 12 za mraba mwaka 1912 hadi 1.85 mwaka 2007. Na haikupungua kwa kuwa nyembamba kutoka juu pekee: kwenye tambarare ya kileleni imesimama kama kuta wima, zile kubwa zikitazama kaskazini na kusini, na jua linazichonga kutoka ubavuni huku hewa ikiwa chini ya kiwango cha kuganda. Penye theluji ya zamani, jua hilo hilo hukata uso wake kuwa safu za visu vilivyosimama, ambavyo hakuna skii inayoweza kupita juu yake. Baridi ipo tele, na theluji ya kutelezea haipo.

Kosa la kuipima theluji kwa joto peke yake ni la zamani. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona Kilimanjaro ikiwa na kofia nyeupe, na Desemba 1849 mwenzake Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Huko London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyeijua Afrika kupitia vitabu, aliwakatalia kwa miaka mingi: ikweta ni joto, hivyo theluji haiwezekani. Wakamba waliompokea Krapf na Wachagga walioishi chini ya Kibo hawakuhitaji kuthibitishiwa. Leo tunamcheka Cooley, lakini anayesema barafu yetu inaisha kwa sababu ya joto tu, ametumia kanuni yake ileile akiwa ameigeuza.

Hapa pana pingamizi zito, na sitaki kulikwepa. Msomaji atauliza: je, huku si kuwapa silaha wanaokana mabadiliko ya tabianchi? Kama ukavu na jua ndivyo vinavyoila barafu, basi magari na viwanda havina hatia. Ni kweli kwamba mwanzo wa kupungua hauwezi kubebeshwa ongezeko la joto la leo. Karibu mwaka 1880 Afrika Mashariki iliingia katika kipindi cha ukavu; maji ya Ziwa Victoria yalishuka, na barafu za milima yetu zikaanza kurudi nyuma. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zililipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita moja, na barafu haikurudi mahali pake pa zamani. Kwenye Rwenzori, ya tatu kati ya milima ya Afrika yenye barafu, na yenye unyevu mwingi kuliko yote, eneo la barafu lilishuka kutoka kilomita 2 hivi za mraba mwaka 1987 hadi chini ya 1 mwaka 2003, na wachunguzi waliopima huko walilitaja joto kuwa sababu kuu, ingawa wenzao walibishana nao. Zaidi ya hayo, mvua zetu zenyewe hutoka Bahari ya Hindi, na bahari hiyo inapata joto. Kwa hiyo kuuliza "ni joto au ni mvua?" ni kugawanya kitu ambacho hakijagawanyika. Dunia inapopata joto, hapa kwetu hubisha hodi kwa mlango wa mvua: vuli inayofurika mwaka huu na masika yanayokosekana mwaka ujao. Na Mlima Kenya, ulio chini kuliko Kibo kwa karibu mita 700, uko karibu sana na mstari wa kuganda kiasi kwamba nyuzi moja tu huamua kama wingu litashusha theluji au mvua ya maji juu ya barafu. Hapo joto na mvua vimekuwa kitu kimoja.

Tukishaelewa hivyo, swali la skii linapata jibu ambalo wengi hawalitarajii. Theluji itaendelea kuanguka Mlima Kenya kwa muda mrefu ujao. Kinachokwisha ni sakafu yake. Theluji ya sentimita 20 ikiangukia barafu laini, mtu anaweza kuteleza. Theluji hiyohiyo ikiangukia mawe yenye ukubwa wa magunia ya viazi, inafunika mashimo ya kuvunja miguu, na jua likiyapasha moto mawe yaliyochomoza, imekwisha kabla ya saa sita. Sakafu kubwa kuliko zote mlimani ilikuwa barafu ya Lewis, chini ya kilele cha Lenana, yenye mteremko wa wastani ambao mtelezaji yeyote angeuchagua. Ilichorwa ramani na Carl Troll na Karl Wien mwaka 1934, na kwa hiyo tunaweza kulinganisha. Kufikia 2010 ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mlima mzima, uliokuwa na barafu 18 mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ulipoteza tena asilimia 44 ya eneo lililobaki kati ya 2004 na 2016. Ile ya Gregory, iliyokuwa mgongo kwa mgongo na Lewis, imetoweka kabisa.

Kama kuna anayedhani nachora picha ya kutisha bila mfano, mfano upo Bolivia. Chacaltaya, mlima ulio karibu na La Paz, ulikuwa na kituo cha skii tangu miaka ya 1930, kwenye barafu iliyofika mita 5,300 hivi. Huko nako watu walikuwa wakiteleza zaidi katika miezi ya mvua, ambayo ndiyo miezi yao ya joto, kwa kuwa majira yao ya baridi ni makavu mno kuleta theluji. Yaani watu wa Andes walikuwa wameshaifahamu kanuni ya tropiki kwa vitendo. Kisha mwaka 2009 barafu ya Chacaltaya ikaisha. Theluji bado inaanguka pale katika miezi ya mvua. Hukaa siku chache juu ya mawe na kuondoka. Kilichobaki cha kituo cha skii ni majengo tu.

Wapo wanaosema wameshachoka na utabiri. Mwanzoni mwa karne hii ilitangazwa kwamba barafu ya Kilimanjaro ingekwisha kati ya 2015 na 2020, na bado vipande vipo. Wana haki ya kulalamika, kwa maana utabiri ule ulivuta mstari ulionyooka kwenye kitu ambacho hakiendi kwa mstari ulionyooka. Mvua nzuri za mwaka mmoja zinaweza kuipa barafu miaka kadhaa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitaja muongo wa 2030 kwa Mlima Kenya na wa 2040 kwa milima yetu mingine. Mimi nisingeshikilia tarehe. Ningeshikilia upande wa safari, ambao tangu ramani ya 1934 haujageuka.

Pingamizi la mwisho linatoka Buruburu kwenyewe, na ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu ni la haki. Mtu anayesubiri maji ya mgao na kumlipa mchuuzi wa mkokoteni kwa kila jerikeni anauliza: theluji ya skii inanihusu nini? Watetezi wengi wa mlima humjibu haraka kwamba barafu ndiyo maji yake. Jibu hilo si la kweli, na haki haitetewi kwa uongo. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, linalojazwa na mito ya milima ya Aberdare, ambayo haina barafu hata kiganja. Hata mito inayotoka Mlima Kenya hulishwa na mvua, misitu na vinamasi vya juu, kuliko barafu iliyobaki. Lakini hapo ndipo uhusiano wa kweli unapoonekana. Masika yakikosekana, theluji haiangukii Lewis na maji hayaingii Ndakaini, kwa sababu moja. Mkazi wa Awamu ya Tatu ya Buruburu anayetazama ratiba ya mgao na mpagazi wa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, anayetazama ukingo wa barafu wanasoma mvua zilezile.

Na kama ni michezo, Wakenya hawakungoja mlima. Philip Boit, mkimbiaji kutoka Bonde la Ufa, alianza kujifunza skii Finland mwaka 1996 na kufikia mwaka 1998 alikuwa Nagano kwenye Olimpiki ya msimu wa baridi. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akalelewa Austria, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya Pyeongchang katika skii ya kushuka milima. Nairobi kwenyewe, si mbali na Buruburu, ukumbi wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ndio uliozaa Ice Lions, timu ya mpira wa magongo wa barafuni. Nawastahi wote hao, lakini mafanikio yao hayajibu swali letu. Barafu ya Panari inatengenezwa na mashine, na theluji ya Finland ni ya majira ya baridi. Zote mbili zinatii kanuni ya baridi. Ya Mlima Kenya haitii, na ndiyo sababu inastahili kujulikana kwa namna yake.

Anayetaka kuitafuta leo hahitaji kwanza kupanda. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupita juu ya mlima kila baada ya siku 5 hivi, picha zake ni za bure, na kila nukta ya picha ni mita 10 ardhini. Simu yenye intaneti inatosha. Mwishoni mwa Mei na mapema Juni, katika siku chache ambazo mawingu yanaachia, tazama mabonde yaliyo kusini na kusini-magharibi ya Batian na Lenana, kwa kuwa jua liko kaskazini. Mvua za vuli zikiisha Desemba, geuza jicho upande wa kaskazini. Ukiona weupe, ulinganishe na picha ya wiki mbili kabla ya mvua, ili ujue umekaa juu ya barafu au juu ya mawe. Ukiamua kupanda, nenda polepole, maana kutoka mita 1,650 hadi 4,985 za Lenana kwa siku 3 kumewaua watu wenye vifua vizuri. Fuata masharti ya Shirika la Wanyamapori, linalosimamia hifadhi hiyo. Na uwe kwenye theluji kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, baada ya jua kulegeza ganda la usiku na kabla mawingu hayajapanda kutoka msituni. Kuna kituo cha kupima hewa cha Idara ya Hali ya Hewa kwenye mlima huo, mita 3,678, kinachofuatilia gesi tangu mwaka 1999. Ningependa kuona kando yake daftari la pili, la tarehe ambazo theluji ilianguka, ubavu gani wa mlima, na ilikaa siku ngapi. Linaweza kuandikwa na waelekezi na wapagazi wa njia za Naro Moru, Sirimon na Chogoria, ambao wanapita pale kila wiki na tayari wanayajua hayo kwa kichwa.